Mtindi Niliojifunza Nyuma ya Uzio

Ninyi vijana mnanijia na ndoo zenu za plastiki mkisema, "Papa Kabwe, utufundishe yawurti." Nani aliwadanganya kwamba mimi ni fundi? Ni kweli, nimegandisha mtindi hapa Kalemie tangu nchi ikiitwa Zaire, tangu enzi za kuitana sitwayen, yaani mwananchi, na kuvaa koti la abakosti kwenye joto hili. Lakini kukaa sana katika kazi siyo kuijua. Kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa kuharibu maziwa kwa bidii kubwa, tena kwa uso wa mtu anayejua anachofanya. Kaeni basi. Nitawafundisha, ila tutaanza na makosa yangu, maana hayo ndiyo ninayoyafahamu vizuri.

La kwanza: msilaze mtindi pamoja na ndagala.

Mnacheka. Mimi nililaza. Maziwa yakishatiwa mbegu ya kuyagandisha yanataka joto la utulivu, na katika nyumba yetu kona yenye joto ilikuwa ile ambamo mke wangu, Feza, alipanga magunia ya ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa, akingoja wachuuzi wa gari-moshi. Nikaisukumia sufuria katikati ya magunia mawili, nikaifunika blanketi, nikalala nikijisifu. Asubuhi mtindi ulikuwa umeganda vizuri sana. Mimi mwenyewe sikusikia harufu yoyote, kwa sababu mtu anayelala na ndagala hana tena pua ya kuwasikia. Nikapeleka vikombe vyangu stesheni. Mama mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda Kongolo akanunua, akaonja, akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Papa," akasema kwa sauti ya kusikika behewa zima, "hii yawurti uliivua na wavu gani?"

Gari-moshi lile liliondoka na mtindi wangu na habari zangu pamoja. Nadhani kabla ya kufika Niemba kila abiria alikuwa amekwisha kujua. Kwa muda wote uliofuata wapagazi wa stesheni waliniita Papa Ndagala, na wengine waliponiona walirusha mikono kama mtu anayetupa nyavu. Kwa hiyo sikilizeni: maziwa hayana siri. Yakikaa karibu na samaki yatasema samaki, yakikaa karibu na petroli yatasema petroli, na kitunguu ndicho kibaya kuliko vyote. Funikeni kwa kifuniko kinachobana, halafu kwa kitambaa safi, ndipo mlete blanketi.

Lakini nimeruka mbele. Watu huuliza mwanamume kama mimi aliingiaje katika kazi ya maziwa. Nilikuwa mpishi. Nilipika katika nyumba moja ya wageni karibu na ziwa, nyumba yenye vitanda vya chuma na vyandarua vyeupe, na nilikuwa na majivuno yasiyopungua ya bwana mwenye nyumba. Nilikuwa naokota makaa ya moto kwa vidole na kuyapanga upya chini ya sufuria, wageni wakipiga makofi. Nilikuwa nageuza mkate kwenye tanuri bila kitambaa. Kisha ukaja ule wakati serikali ilipowanyang'anya matajiri wa kigeni mali zao na kuzigawa, na nyumba ile akapewa mkubwa mmoja ambaye aliuza kwanza vitanda, kisha vyandarua, kisha milango. Siku alipoanza kuangalia jiko, nilijua kazi imekwisha. Nikatoka na sufuria mbili, ndizo zilizokuwa shukrani yangu, na nikajiambia kwamba mtu aliyewahi kuwapelekea wageni mtindi mezani hawezi kushindwa kuutengeneza. Kumbukeni neno hilo, kuwapelekea. Mimi nilikuwa nabeba tu bakuli. Jinsi mtindi ulivyokuwa unapatikana ndani ya bakuli sikuwahi kuuliza.

Aliyejua alikuwa mama mkwe wangu. Jina lake sitalitaja. Hata leo ulimi wangu unalikataa. Alikuwa Mtabwa wa Marungu, kule juu kwenye baridi, na ujana wake aliutumia akifanya kazi katika jiko la masista waliokuwa na ng'ombe. Alipofiwa na mumewe aliteremka kuja kukaa karibu na binti yake, Feza, mtoto wake wa pekee. Alikuja na nguo zake, kinu chake, na chungu kidogo chenye mbegu ya mtindi, yaani ule mtindi wa jana unaozaa wa leo. Alikuwa anauhuisha kila siku kwa maziwa kidogo, hata kama ni ya unga yaliyovushwa kutoka Kigoma, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukigusa chungu kile.

Sasa mnajua mambo ya ukwe yalivyokuwa, au labda hamjui, maana siku hizi nawaona mnakula sahani moja na mama wakwe zenu mkichekeana. Wakati wetu mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni. Hakula mbele yake, hakuingia alikolala, hakumpa kitu mkono kwa mkono. Mkikutana njiani, mmoja aliingia majanini. Hali hiyo iliendelea mpaka watu wa mke walipofanya siku ya kuondoa haya: mkwe analeta kitu chake, mama naye anapika, mashangazi wanashuhudia, na kuanzia hapo mnakuwa watu wa nyumba moja. Kabla ya siku hiyo, hata mama akiwa mgonjwa wa kufa, mkwe alikuwa mtu wa kusimama nje.

Kwa hiyo alipohamia katika lupango yetu, yaani ua wetu, tulimjengea nyumba yake upande mmoja, na katikati tukasimamisha uzio wa matete. Watu wengine hujengewa nyumba, mimi nilijengewa uzio. Sauti iliruhusiwa kupita, uso haukuruhusiwa. Na nyuma ya uzio ule ndipo nilipopatia masomo yangu.

"Mukwe, uko pale?"

"Niko, Mama."

"Maziwa ilipanda?"

"Ilipanda, Mama. Ikamwangika kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Imebakia nusu."

Nilisikia akivuta pumzi upande wa pili. "Bon. Tosha ku moto. Uache ipoe. Kisha utie kidole. Kama kidole inavumilia, haikimbie, njo saa ya kutia mbegu. Usitie mbegu yote mara moja. Uivuruge kwanza mu kikombe na maziwa kidogo, ipate kuzoea, njo urudishe mu sufuria. Kisha ufunike, usiitikise. Yawurti ni kama mugonjwa, haipendi batu ba kuisumbua."

Mimi ni mtu mtiifu. Nilitosha sufuria motoni, yaani niliitoa, nikatia kidole, kidole kikavumilia. Nikavuruga mbegu kwenye kikombe, nikarudisha, nikafunika, nikaweka blanketi. Asubuhi nilifunua nikakuta maziwa. Maziwa tu, yale yale, yamepoa na kunuka kidogo. Siku ya pili hivyo hivyo. Mbegu ilikuwa imekufa, nikalazimika kuomba nyingine. Naye aliiweka kwenye kikombe juu ya kinu chake, akapiga ukuta kunijulisha, akaingia ndani. Ndipo mimi nilipozunguka uzio nikainyakua na kurudi mbio kama mwizi wa kuku.

Mnafikiri nilimwambia ukweli kwamba inakufa? Nilimwambia ni maziwa ya Kigoma, yamechanganywa na unga wa muhogo. Nilimwambia ni upepo wa ziwa. Nilimwambia ni sufuria. Nilikuwa mpishi wa wageni, mimi, ningekirije kwa mama mkwe kwamba nashindwa na kitu kinachoganda chenyewe?

Na kibaya zaidi ni kwamba siku nyingine kiliganda. Ule mtindi wa ndagala mlioucheka uliganda vizuri. Siku ile, nilipokuwa nikingoja maziwa yapoe, rafiki yangu mmoja mvuvi alipita, tukaanza kubishana juu ya mukeke na kuhe, yupi ni samaki wa mtu mwenye akili, na niliporudi jikoni nilikuwa nimesahau hata kutia kidole. Nikamimina mbegu hivyo hivyo kwa haraka. Ukaganda. Siku nyingine nilikwenda kutafuta makaa nikachelewa. Ukaganda tena. Mtu mwenye akili angejiuliza siku hizo zina nini. Mimi nilijiuliza, na nikapata jibu: siku zote zilizofaulu nilikuwa nimefunika kwa blanketi letu jekundu. Basi nikalitangaza blanketi lile kuwa ndilo lenye nguvu. Sikumruhusu Feza kulitumia hata kwenye baridi ya usiku wa kiangazi. Mke wangu alilala na kitenge ili sufuria ilale na blanketi.

Siku zisizoganda sikutupa maziwa, hapana. Niliyatia sukari nyingi, nikayauza stesheni kwa jina la yawurti ya kunywa. Mungu anisamehe, kuna waliorudi kuyaomba.

Feza alivumilia yote hayo kwa kicheko, isipokuwa jambo moja. Jioni moja alinikalisha, na hakuwa anacheka.

"Papa Kabwe, mama anazeeka. Jana aliteleza pale ku bafu, alijishika na ukuta. Kama angeanguka?"

"Angeita."

"Angeita nani? Miye niko soko asubui mpaka magaribi. Bajomba bangu beko Moba, mpaka mashua ifike. Ku lupango kunabakia weye. Mama akianguka, weye utafanya nini? Utasimama nyuma ya matete unaita majirani?"

Jibu lilikuwa ndiyo. Ndivyo ningefanya. Ningesimama pale na mikono yangu yote miwili, mwanamume mzima, nikiita watu. Tangu jioni ile jambo hilo halikuniacha. Nilipokuwa nachochea moto nilikuwa nasikiliza upande wa pili, na kila kitu kikianguka kule moyo wangu ulianguka nacho.

Ikabidi haya iondolewe. Mashangazi wawili wa Feza, dada za marehemu baba yake, walikuwa wanakaa mjini hapa hapa, nao ndio walikuwa na neno la mwisho. Niliwaendea na mjumbe, kama inavyotakiwa. Shangazi mkubwa alisema mbuzi mmoja na kitenge vinatosha. Ningeitika tu, nikaenda zangu, mambo yangekwisha. Lakini mdomo uliponza kichwa. Nikasema mbuzi yupo, kitenge kipo, ila mimi nitaongeza kitu cha mikono yangu mwenyewe: nitamletea mama mtindi kama ule wa Marungu, mtindi ambao hajaula tangu ateremke.

"Yawurti?" akauliza shangazi mdogo. "Weye Papa Ndagala?"

"Njo miye."

Shangazi mkubwa akanyoosha kidole. "Sikia, mukwe. Hakuna mutu alikuomba yawurti. Lakini umeisha kusema mbele yetu. Kitu mutu anaahidi siku ya bukwe, analeta vile alisema. Kama haiko vile, tutangojea mwaka mwingine. Hatutoshe haya kwa uongo."

Nilitoka pale na jasho. Ule mwaka mwingine ndio ulioniogopesha, kwa sababu mtu anayeteleza bafuni hangoji mwaka.

Siku iliyotangulia ile ya kuondoa haya nilifanya kila kitu kwa umakini ambao sijawahi kuwa nao. Nilinunua maziwa mabichi kwa mtu aliyekuwa na ng'ombe juu ya mji. Nilifukuza kila rafiki mlangoni, wa mukeke na wa kuhe. Nilisimama juu ya sufuria ile bila kutoka, nikitia kidole kila mara, na mara tu kidole kilipovumilia, nikatia mbegu. Nikafunika kwa kifuniko, kwa kitambaa, kwa blanketi jekundu, nikamwomba Mungu alibariki. Naweza kuapa hakuna sufuria Kalemie yote iliyowahi kuangaliwa namna ile.

Asubuhi mashangazi waliketi katika nyumba ya mama mkwe, sebuleni. Yeye mwenyewe alikuwa chumbani nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka, anangoja kuitwa. Mimi niliketi karibu na mlango, macho chini. Feza akaleta sufuria. Shangazi mkubwa akafunua, akachota kwa upawa, akainua, akamimina. Maziwa yakarudi ndani ya sufuria yakitiririka, kwa sauti ya maji ya bomba.

"Hii ni maji," akasema shangazi mkubwa.

"Haiko maji," akasema shangazi mdogo akionja. "Ni maziwa. Maziwa ya jana."

Feza alifunika uso kwa kitenge. Nilisikia akilia, naye hakuwa analilia mtindi. Mimi nilitamani sakafu ifunguke. Nikaanza kusema habari za blanketi, kwamba labda liliwekwa upande usiofaa, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyosikia ujinga wangu kwa masikio yangu mwenyewe.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Muulizeni, alipima namna gani?"

"Na kidole, Mama," nikajibu. "Vile ulinifundisha."

"Na kidole ikavumilia?"

"Ikavumilia muzuri. Hata moshi ya maziwa ilikuwa inapanda, miye kidole yangu ilivumilia tu."

Nikasikia kiti chake kikisogezwa karibu na pazia. Kisha akasema, "Aniletee ile mukono."

Shangazi mkubwa akashtuka. "Ndugu yangu, bado hatujatosha..."

"Nimesema aniletee mukono. Sikusema aniletee uso."

Nikasogea kwa magoti mpaka kwenye pazia, nimegeuza kichwa ukutani, nikapenyeza mkono. Akaushika. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yangu mama yule kunigusa. Akapapasa vidole kimoja kimoja, akavibonyeza kwa kucha. Sikusikia chochote, ngozi ya vidole vyangu ilikuwa imeiva zamani kwa makaa ya nyumba ya wageni. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi.

"Unasikia?"

"Sisikie kitu, Mama."

"Yesu Maria! Hii haiko kidole ya muntu! Hii ni mwiko!" Na hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akaegemea pazia, pazia likakatika kamba na kuanguka lote juu ya kichwa changu. "Miaka hii yote eko anapika mbegu yangu! Anaipika supu! Na miye naona huruma, nasema ni maziwa ya Kigoma!"

Nilijitoa katika pazia, na nilipoinua macho alikuwa mbele yangu, mama mfupi mwenye pengo la meno ya mbele, machozi ya kicheko yanamtiririka. Nilitaka kugeuka. Hakuniachia mkono. Akaugeuza kiganja juu, akachovya kijiko katika maji ya uvuguvugu yaliyokuwa ya kunawa, akanidondoshea tone kwenye ngozi ya ndani, pale juu ya kifundo cha mkono, pale ambapo makaa hayakuwahi kufika.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia."

"Moto?"

"Hapana. Kama ya kuogesha mutoto."

"Njo ile. Njo saa ya mbegu. Hapa, mukwe, si ku vidole yako ya shetani."

Mashangazi walitazamana. Mbuzi alikuwa bado amefungwa nje, anakula uzio. Shangazi mdogo akauliza, "Sasa, nani ametosha haya ya nani?" Shangazi mkubwa alifikiri, akaangalia pazia chini, akaangalia mkono wangu ambao bado ulikuwa umeshikwa.

"Aliahidi kitu ya mikono yake," akasema mwishowe. "Mama ameomba mikono, amepewa mikono. Mimi naona imetosha. Kachinjeni mbuzi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika nyumba ya mama mkwe wangu, kwa aibu ya maziwa mabovu. Uzio ambao mbuzi aliubakiza tuliufanya kuni za kumpikia.

Sasa, kazi yenyewe. Andikeni kichwani. Chemsheni maziwa mpaka yapande, muwe karibu, si kama mimi wa nusu sufuria. Mkitumia ya unga, yakorogeni mazito kuliko ya chai. Kuyapoza haraka, kalisheni sufuria katika beseni la maji ya ziwa. Pimeni kwa ngozi ya ndani ya mkono. Najua mnavyo vile vioo vya kupimia joto, ni vizuri, ila kikivunjika mkono mnao. Mbegu iwe ya jana au juzi, na wekeni kijiko kimoja cha mtindi kando kabla hamjaanza kula, kwa sababu mkishaanza kula hamtakumbuka. Badala ya blanketi, katoni iliyojazwa makapi ya mpunga inashika joto vizuri; chimbeni shimo katikati, mkalishe sufuria. Siku hizi wengine wanamimina ndani ya chupa ya chai asubuhi, na jioni mtindi umekuwa tayari. Mama mkwe wangu alipoona chupa ile mara ya kwanza alisema ni uvivu, kisha akaniagiza nimnunulie moja. Na blanketi jekundu nililirudisha kwa Feza, nikamwomba radhi. Alisema linanuka maziwa, na ni kweli.

Tulifanya kazi pamoja, mimi na mama, kwenye jiko moja. Hakuwahi kunisifu hata siku moja. Akionja mtindi wangu alisema, "Iko," akaendelea na mambo yake. Mimi nilitembea na hilo "iko" mpaka stesheni kama mtu aliyepewa medali.

Kisha ikaja asubuhi moja ya kiangazi. Feza alikuwa sokoni. Maziwa yalikuwa motoni, sufuria kubwa ya harusi ya watu, nilikuwa nimeahidi mtindi uwe tayari jioni. Nikasikia kishindo bafuni na sauti yake, ndogo sana, ikisema tu, "Mukwe."

Sikuita jirani. Niliingia, nikamkuta sakafuni, mguu umekaa vibaya, kitenge kimemvuka. Nikamfunika, nikampandisha mgongoni kama mtoto, nikatoka naye. Dispanseri ilikuwa juu ya kilima na hakukuwa na gari. Nikapanda kwa miguu, watu wakinitazama, mwanamume anayebeba mama mkwe wake mchana kweupe. Alikuwa mwepesi kuliko sufuria zangu. Nilikuwa naogopa sana, na alijua.

Katikati ya kilima akasema sikioni mwangu, "Mukwe. Nasikia arufu ya maziwa ku shati yako. Ulikuwa unapika?"

"Nilikuwa napika, Mama."

"Ulitosha ku moto?"

"Sikutosha."

"Rudia ku nyumba. Unikalishe hapa ku jiwe, rudia utoshe. Itaungua."

"Iungue, Mama."

"Na sufuria?"

"Hata na sufuria."

Nikasikia shavu lake limelala juu ya bega langu, nikazidisha mwendo.

Wanangu, maziwa niliyoharibu kwa ujinga siwezi kuwahesabia. Yale ya asubuhi ile niliyaharibu nikijua kabisa ninachofanya, na ndiyo peke yake ambayo sijawahi kuyajutia. Harusi ya watu ilikunywa chai.

Mguu ulipona, ingawa ulibaki mfupi kidogo. Siku aliporudishwa nyumbani, kabla hajauliza habari za mtu yeyote, aliomba aletewe ile sufuria. Ilikuwa nyeusi ndani na nje. Akaomba kiti uani, akaketi mbele yangu na fimbo yake, nami nikachuchumaa na majivu na mchanga nikaanza kusugua. Alikuwa ananionyesha kwa fimbo. "Pale, mukwe. Unaacha pale." Nikasugua pale. Kila nilipoinua macho alikuwa yupo, mzima, ananikasirikia, na machozi yakaanza kunitoka bila kuniomba ruhusa.

"Unalia?" akauliza.

"Ni majivu, Mama."

"Eh. Majivu inaingiaka mu macho," akasema, naye ya kwake yalikuwa yamejaa, na hakugeuza uso.